Kliniki ya wanawake Tabora mjini: mimba tatu zimetoka, mwaka mzima wa kwenda na kurudi, nawapa nyota nne

Naandika hii kwa ajili ya dada zangu na kaka zangu wa huku kwetu Kaliua, Urambo, Sikonge, hata Uvinza na Kigoma kule, ambao mimba imetoka mara mbili au tatu na kila mkienda mahali mnaambiwa mtapata tu ombeni Mungu, mnapewa dawa za maumivu mnarudi nyumbani. Ni ndefu, anayetafuta bei ashuke chini huko. Jina la kliniki siliandiki maana nna malalamiko yangu na nimeshawapa wenyewe uso kwa uso, sitaki yaonekane nimekuja kuwaharibia, na sitaki pia ionekane nimelipwa kuwasifia.

Mie ni mwalimu wa msingi, nna miaka 34, mume wangu analima tumbaku na ana kiduka cha vifaa. Mimba ya kwanza ilitoka Machi 2022 ikiwa na wiki nane, ya pili Januari 2023 wiki kumi, ya tatu Novemba mwaka huo huo wiki tisa. Hiyo ya tatu ilinikuta darasani nasahihisha madaftari ya la nne, nikajifunga kitenge kiunoni nikatoka taratibu watoto wasijue.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kusikiliza kila mtu. Nilinunua chupa ya dawa ya kusafisha kizazi kwa elfu themanini na tano, nikaharisha siku nne. Duka moja la dawa muuzaji akaniambia damu zenu wewe na mumeo hazilingani, nikaondoka nalia barabarani, kumbe kadi yangu ya kliniki imeandikwa O pozitivu tangu 2022 na hilo suala linamhusu mama mwenye damu negativu, na hata huyo kwa kawaida shida inakuja kwa mimba kubwa au mimba zinazofuata, ndio maana anachomwa sindano ya anti-D kumkinga, sio kitu cha kutoa mimba ya wiki nane mara tatu mfululizo. Sehemu nyingine wakataka laki sita nipime jeni inaitwa MTHFR, wakaniambia hiyo ndio inaua watoto tumboni. Nilikua nimeshaanza kukopa hiyo laki sita. Mwalimu mwenzangu ndio akanizuia, akanipa namba ya hii kliniki, akasema nenda na mumeo usiende peke yako.

Ipo mjini, kutoka stesheni ya treni unatembea kwa mguu, nyumba ya kawaida tu yenye mwembe mkubwa mbele, na chini ya mwembe ndio wameweka mabenchi ya kusubiria. Tulitoka Kaliua kwa basi la alfajiri. Naingia kwa daktari, mama wa makamo hivi, namwambia shikamoo daktari, akaitikia marahaba mwalimu, kitu cha pili kuuliza ni mwenzio yuko wapi. Mwenzangu alikua chini ya mwembe anavuta sigara. Akamtuma nesi amuite, akasema hatuanzi hadi awepo, mimba inatengenezwa na watu wawili. Jamani mimi nilishaenda sehemu nne kabla ya hapo na hakuna hata moja mume wangu aliulizwa swali, alikua anabaki nje na mkoba wangu.

Alafu akachukua karatasi akaanza kuchora viboksi na viduara, boksi mwanaume, duara mwanamke. Mie na ndugu zangu, wazazi wangu, mama wadogo. Nani ana sukari, nani alivimba shingo, nani ana siko seli, nani damu ilimganda mguuni, nani alizaa mtoto mwenye ulemavu, nani mimba zilitoka. Upande wangu nikajibu, mama yangu ana sukari, shangazi yangu alikua na rovu kubwa. Akaja kwa mume wangu, mama yako alipata mimba ngapi zikatoka? Hajui. Daktari akasema mpigie.

Akapiga, akaweka laudi spika. Shikamoo mama, nipo kwa daktari Tabora na mwalimu, anauliza kabla yangu ulishawahi kupoteza mimba? Kimya. Tukasikia kuku wanalia nyuma huko. Nikadhani simu imekata. Alafu mama mkwe akasema, "Nne. Nne kabla yako baba, nani kakwambia?" Mume wangu akabaki anaangalia sakafu. Na huyu mama mkwe, sisemi kwa ubaya, ndio alishasema mbele ya mawifi zangu kwamba kwao hakujawahi kuwa na tumbo lisiloshika. Daktari akajaza viduara vidogo vinne vyeusi juu ya boksi la mume wangu, hakusema kitu, akaendelea kuuliza. Mimi kwa hilo tu nilikua tayari kulipa.

Baada ya hapo akatueleza kwanini anauliza, na hapa nitakaa kidogo maana hakuna aliyewahi kunieleza. Kila mtu ana kromosomu 46, jozi 23, nusu katoa mama nusu katoa baba. Mimba nyingi zinazotoka mapema, kama nusu yake au zaidi, kosa ni hesabu ya kromosomu, mtoto kapata ya ziada au kapungukiwa, inayoonekana sana ni ile namba 16 kuwa tatu badala ya mbili, na mimba ya hivyo haiwezi kufika kabisa hata ulale kitandani miezi tisa. Mara nyingi kosa hilo linatokea yai linapokomaa, halijarithiwa, sio wa kwenu sio wa kwao, na linazidi kadri umri wa mama unavyopanda, ndio maana mtu wa miaka 40 na kuendelea hatari yake inakaribia nusu ya mimba anazopata. Akasema hilo linaweza kukukuta mara moja, likakukuta na ya pili kwa bahati mbaya tu. Nilimuuliza kwahiyo ile siku nilibeba ndoo mbili za maji sio? Akasema sio. Nilikua nimeibeba hiyo ndoo kichwani mwangu tangu 2022.

Alafu kuna lile la kurithi. Akachukua kalamu mbili, akachora kijiti kirefu kwa wino wa bluu na kingine kwa wino mwekundu, akakata kipande cha huku akakipeleka kule, cha kule akakileta huku. Akamuuliza mume wangu kuna kilichopotea? Akasema hapana, vimebadilishana tu. Ndio maana mtu mwenye hali hiyo anakua mzima kabisa, analima, anacheza mpira, wala hajui. Ila ikifika wakati wa kumpa mtoto nusu yake anaweza kutoa hiki cha bluu kilichokatwa bila kile kipande chake kilichohamia kwenye nyekundu, mtoto akazidiwa huku akapungukiwa kule, mimba ikatoka. Wanandoa wanaokutwa na hali hii ni kama 2 hadi 5 kwenye kila 100 wanaopoteza mimba mara kwa mara, anaweza kuwa nayo baba au mama, na wengi wao bado wanapata mtoto mzima wakiendelea kujaribu. Hiyo karatasi mume wangu aliiomba, ipo kwenye droo ya dukani kwake pamoja na risiti.

Kilichonishangaza ni kwamba pamoja na maelezo yote hayo, na zile nne za mama mkwe, hakutupeleka moja kwa moja kwenye kipimo cha kromosomu. Akasema ni ghali, na hata kikionyesha kitu hakina dawa ya kumeza, tuanze na vya bei ndogo ambavyo vikionyesha kitu kesho asubuhi naanza tiba. Akasimama nyuma yangu akaniwekea vidole shingoni, akanipa kikombe cha maji, "mwalimu meza... meza tena". Akamuita yule nesi binti naye ashike ajifunze. Akaniuliza unasikia baridi kuliko wenzio? Kweli jamani, mie Julai Kaliua navaa sweta hadi saa nne, na choo kigumu, na nywele zinakatika, na uchovu ule wa kurudi shule unalala na viatu, nilidhani ni mawazo.

Wakanitoa damu ya TSH na T4, ndio vipimo vya tezi ya shingo, T4 ni homoni ya tezi yenyewe na TSH ni ile inayotoka chini ya ubongo kuisukuma, tezi ikichoka TSH inapanda. Ya sukari ikabidi nirudi kesho yake bila kula, tukalala gesti Ipuli. Wakapima kwanza tumbo tupu, alafu nikanywa glukosi gramu 75 kwenye maji, tamu hadi meno yanauma, nikakaa chini ya mwembe masaa mawili wakapima tena. Ile ya HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu, walifanya pia ila wakaniuliza kwanza kama nna siko seli au upungufu mkubwa wa damu, maana kwa watu hao inaweza kudanganya. Wenzangu wenye siko seli kwenye familia lishikeni hilo, huku kwetu tupo wengi.

Majibu. Sukari tumbo tupu 6.4, baada ya masaa mawili 9.8. Sio kisukari, kisukari ingekua 7.0 na 11.1 kwenda juu, ila sio salama, nipo katikati. TSH ikaja 14.2, wakati mwisho wao ni kama 4, na T4 ipo chini. Yaani tezi ya shingo imechoka, haitengenezi homoni ya kutosha. Na mtoto wiki zile za mwanzo tezi yake bado haijaanza kazi, anategemea ya mama.

Hapa ndio nataka niwasifu kwa nguvu zote. Nilianza kulia nikasema kumbe ndio ilikua inaniulia watoto. Daktari akanisubiri, akaniambia mwalimu siwezi kukuapia hivyo. Tezi ikiwa chini bila tiba inaongeza hatari ya mimba kutoka, hilo tuna uhakika nalo, kisukari kisichodhibitiwa pia kinaongeza, chako hakijafika huko ila hatukai kukisubiri, na uzito wako wa kilo 88 nao una mchango wake. Lakini moja kati ya hizo tatu, au mbili, inawezekana kabisa zilikua ni hesabu ya kromosomu, hatukupima zile mimba kwahiyo hatutajua. Ninachojua ni kipi naweza kurekebisha kabla ya ya nne. Mtu mwingine pale angechukua hela yangu na kuniahidi mtoto. Wengi wameshaniahidi.

Akaniandikia levothairoksini, ndio homoni ya tezi kwa kidonge. Hiki kidonge ni kidogo kama punje ya uwele lakini kina masharti. Unakimeza tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima ndio unywe chai, na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini chuma unaviweka mbali masaa manne, usivimeze pamoja vitazuia kisiingie mwilini. Mume wangu ndio msimamizi. Aliweka alamu ya saa kumi na moja alfajiri kwenye simu yake sio yangu, anaamka ananipa kidonge na kikombe, anakaa kitandani kuhakikisha nimemeza, alafu anaenda kuangalia moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Wiki ya tatu nikaanza kuamka mwenyewe kabla ya alamu. Sweta nimelitundika.

Chumvi nayo. Shangazi mwenye rovu alikua anatumia chumvi ya kupima gulioni, ile ya kwenye viroba isiyo na nembo, na mie nimekulia kwake. Wakanielekeza ninunue yenye madini joto, niiweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jiko, na niitie chakula kikishaiva. Ila daktari akasisitiza tezi ikishafika hapa chumvi peke yake hairudishi, na kuna tezi zinazochoka kwasababu kinga ya mwili yenyewe inazishambulia, usiache dawa ukabaki na chumvi.

Na asali! Mie ni mtu wa Tabora, asali ndio sukari yetu, kwetu chai ya asali, uji wa asali, na tunaaminiana kwamba asali haina shida kwa mgonjwa wa sukari maana imetoka kwa nyuki. Dada wa lishe wa pale akanipima mbele ya macho yangu. Nilikula vijiko vitatu vya asali niliyobeba mwenyewe kutoka nyumbani, baada ya saa moja kidoleni 10.3. Sikubisha tena. Hajanikataza kabisa, kanipunguzia hadi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na ugali nusu ya niliozoea, maharage na mboga ziongezeke, na shule naenda kwa mguu, dakika thelathini na tano. Miezi sita nimepungua kilo saba. Foliki asidi pia ndio nilianzishiwa hapo, kabla ya mimba, tangu mwanzo nilikua naijua kama dawa ya wajawazito tu.

Mume wangu naye hakuachwa. Sigara aache, na mie nisiguse majani mabichi ya tumbaku yakiwa na unyevu maana nikotini inapita kwenye ngozi. Hilo halikua rahisi, msimu wa kuchuma kila mkono unahitajika, ila mwaka huu waliajiri vijana wawili.

Sasa kipimo cha kinga za antifosfolipidi, hizi zinafanya damu igande kirahisi na ni moja ya sababu chache za mimba kutoka mara kwa mara zenye tiba inayojulikana, aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini. Mie cha kwanza kikaja chanya kwa mbali. Nikachanganyikiwa, nikataka sindano siku hiyo hiyo. Wakakataa. Wakaniuliza umeumwa nini mwezi huu, nikasema malaria, wiki mbili zilizopita. Wakasema maambukizi yanaweza kuzipandisha kwa muda, sheria ni kurudia baada ya wiki 12, zikiwepo tena ndio tunasema ni ugonjwa. Wiki kumi na mbili hizo sikulala vizuri, nasema kweli. Nikarudia, hazipo. Kwahiyo heparini ambayo ningejichoma tumboni kila siku kwa mamia ya maelfu haikua yangu. Kuna mama mmoja tulikua tunakutana pale chini ya mwembe kutoka Nzega, yeye zilirudi chanya mara zote mbili, anajichoma mwenyewe na sasa tumbo linaonekana. Dawa ile ile, kwangu hasara, kwake ndio mtoto.

Ile MTHFR ya laki sita nikamuuliza pia. Akasema hiyo tofauti ya jeni watu wengi wanatembea nayo na wanazaa vizuri, miongozo ya madaktari haishauri kuipima kwa mwenye shida kama yangu. Na wale wenye jeni za damu kuganda za kurithi, kuna utafiti ulitoka 2023 waliwapa heparini wajawazito waliowahi kupoteza mimba, haikuongeza watoto waliozaliwa. Laki sita ile ndio imelipa nusu ya safari zangu zote.

Kipimo cha kromosomu tulikuja kukifanya mwishoni, kwasababu ya historia ya mama mkwe, na baada ya mauzo ya tumbaku. Na hapa ndio nyota ya tano ilipopotelea. Damu yake inawekwa kwenye chupa ya mfuniko wa kijani na inatakiwa isafiri upesi maana seli zinatakiwa zifike hai zioteshwe maabara nje ya mkoa. Yetu waliichukua Ijumaa mchana. Mie sio mtaalamu lakini Ijumaa mchana! Ikalala wikiendi mahali. Siku kumi na moja baadae wanapiga simu seli za mume wangu hazijaota, mrudi. Hawakututoza tena kipimo, ila nauli ya watu wawili, gesti, siku mbili bila duka, hayo yalikua yetu. Nilimwambia meneja wao na nasema tena hapa, vipimo vya namna hiyo chukueni Jumatatu au Jumanne, na mwambieni mtu kabla hajapanda basi. Ukienda ulizia siku ya kusafirisha sampuli kwanza.

Lingine ni usiri. Vijana wa dirishani wanaita jina lako lote na kipimo chako kwa sauti, mabenchi yote yanasikia. Siku moja kijana akaita jina la dada mmoja akaongeza "yule wa kuharibika", yule dada akainama chini. Wajawazito wenye matumbo makubwa na sisi tuliopoteza tunakaa benchi moja, mnaweza kuniona nina wivu lakini kuna siku nilikaa barabarani juani nisiwaone. Nilipolalamika walisikiliza, sa hivi wanatumia namba, mabenchi bado.

Bei, kama nilivyolipa mie. Kumuona daktari 30,000 mara ya kwanza, 15,000 marudio. TSH na T4 55,000. Sukari ya glukosi 15,000, HbA1c 30,000. Antifosfolipidi 220,000, na mie mara mbili. Kromosomu 450,000 kwa mtu, zidisha mbili. Hawapokei bima, ni taslimu au kwa simu, ila risiti wanatoa kila kitu na hawakuandikii kipimo bila kukuambia kitabadilisha nini. TSH ya marudio unaweza kupima kwenu ukawatumia majibu kwa simu, wanajibu bure, hilo limeniokoa safari tatu.

Majibu ya kromosomu yalikuja wiki ya sita. Yangu 46 XX, ya mume wangu 46 XY, hakuna kipande kilichohama. Mama mkwe alikuja Kaliua wiki hiyo na jogoo na debe la karanga, akakaa jikoni na mie anachambua mchicha, hatukuongea habari hizo hadi jioni. Alafu akaniambia miezi ya zile nne, moja moja. Ya tatu ilikua msimu wa kupanda kama yangu ya tatu. Akaniuliza kwahiyo kwangu ilikua nini, na sikua na jibu, nikamwambia mama hata daktari hajui, ila sio wewe. Akaendelea na mchicha.

TSH ilishuka hadi 6, wakaongeza dozi, ikaja 2.1. Wakasema sasa ruksa, walikua wanataka iwe chini ya 2.5 kabla. Na maelekezo nimebandika kwenye kabati: siku zisipokuja nikipima mkojo nikaona mistari miwili siku hiyo hiyo dozi inapanda, badala ya vidonge saba kwa wiki nameza tisa, sisubiri apointimenti, maana mimba inaidai tezi kuanzia wiki za mwanzo kabisa. TSH kila wiki nne hadi nusu ya mimba. Nilale kwenye chandarua, homa yoyote nikapime malaria siku hiyo hiyo.

Niliomba pia projesteroni, ile homoni ya kushikilia mimba, kama wanavyopewa wenzangu. Daktari akasema kuna tafiti mbili kubwa za Uingereza. Ya 2015 waliwapa wanawake waliopoteza mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana, haikuleta tofauti, walioipata na wasioipata karibu theluthi mbili walizaa. Ya 2019 ikaonyesha inaweza kumsaidia anayetokwa damu mimba ikiwa changa na alishapoteza kabla. Kwahiyo ukiona damu nipigie hata saa nane usiku, usipoona huihitaji. Ile theluthi mbili niliiandika kwenye daftari la maandalio ya somo. Watu ambao hakuna kilichopatikana, na bado theluthi mbili.

Mistari miwili niliiona mwezi wa pili tarehe 19. Nimeandika sasa na sio baada ya kujifungua kwasababu nimeona watu wengi wanaandika wakishapata mtoto, na ambao hawajapata wananyamaza, inaonekana kama kliniki nzuri ni ile iliyokupa mtoto tu. Hii ilinipa haki yangu ya kuelezwa hata kabla ya mistari miwili, na nyota nne hizi hazibadiliki vyovyote itakavyokua.

Ultrasaundi ya wiki ya saba mapigo yalionekana, mume wangu alikua ndani sio nje, kashika mkoba. Leo ni wiki ya tisa na siku nne. Jumanne narudi kupima TSH, tiketi ya basi tumeshakata, viti viwili vya mbele.